Jinsi ya kusoma majibu ya AFP baada ya kukatwa uvimbe wa saratani ya ini, bila kupandisha presha

Shemeji alinitumia picha ya majibu saa tano usiku, karatasi imekunjwa, kidole gumba kimefunika tarehe, na chini kaandika "Shem imepanda, tufanyeje?" Mimi sio dokta, ila nimemuuguza kaka yangu tangu siku uvimbe ulipoonekana kwenye altrasaundi, nikaenda nae India kwenye oparesheni, na mpaka leo daftari la majibu yake nalishika mimi. Kwaiyo haya nayoandika ni yale niliyofundishwa na madokta wake na mengine nimejifunza kwa kuhangaika, na nayaandika kwa sababu kila wiki naona mtu anauliza "AFP ya baba ni 14, ni mbaya?" na watu wanamjibu kwa kubahatisha tu.

Jibu la swali hilo ni kwamba 14 peke yake haisemi kitu. 14 imetoka wapi, inaelekea wapi, imepimwa maabara gani, na ini lilikuwa na hali gani siku hiyo? Ukishayajua hayo ndio namba inaanza kuongea.

Tuanze na AFP yenyewe. Kirefu chake ni alpha-fetoprotein, ni protini ambayo mtoto akiwa tumboni anaitengeneza kwa wingi, akizaliwa inashuka, na mtu mzima anabaki na kidogo sana, maabara nyingi zinaweka mwisho wa kawaida kwenye 7 au 10 ng/mL hivi. Seli za saratani ya ini zinasahau kuwa ni za mtu mzima, zinarudia tabia za utotoni na kuanza kuitengeneza tena. Wanasayansi wa Urusi ndio waliligundua hili, Abelev kwa panya mwaka 1963, na mwaka uliofuata Tatarinov akaiona kwenye damu ya mgonjwa wa saratani ya ini. Miaka sitini baadae bado ndio kipimo tunachopelekwa kupima, kwa hiyo usikidharau, ila usikiabudu pia.

Kitu cha kwanza kabisa, kabla hujasoma jibu lolote la baada ya oparesheni, tafuta jibu la KABLA ya oparesheni. Bila hilo unasoma kitabu kuanzia katikati. Kama kabla ilikuwa 1600, basi uvimbe wa mgonjwa wako ni wa aina inayotoa AFP na kipimo hiki kitakusaidia sana huko mbele. Kama kabla ilikuwa 5 na uvimbe ulikuwa mkubwa kama ngumi, basi uvimbe wake hautoi AFP, na wako wengi wa hivyo, kama watatu kati ya kumi hivi. Kwa mgonjwa wa namna hiyo AFP ya 4 baada ya oparesheni isikupe usingizi mzito, huyo tegemeo lake ni skani ya CT au MRI, AFP inapimwa kwa sababu ukirudi uvimbe unaweza ukabadili tabia, ila msiruke skani eti "damu iko sawa". Hapa ndipo watu wanapoumia sana, pesa ya CT ni ndefu, AFP ni rahisi, basi wanachagua ya rahisi na wanajipa moyo.

Angalia pia kama jibu la kabla limeandikwa "zaidi ya 1000" au alama ya > tu. Hapo mashine imefika mwisho wa kuhesabu, namba halisi inaweza kuwa 1200 au laki. Waombe maabara wazimue sampuli warudie ili upate namba kamili, maana hesabu ya kushuka inaanzia hapo.

Sasa hesabu yenyewe, na hii ndio ningependa ningeijua mapema. AFP haipotei siku uvimbe unapotolewa. Kiwanda kimefungwa lakini mzigo bado uko sokoni, mwili unaumaliza taratibu, na spidi yake ni kupungua nusu kila baada ya siku 5 mpaka 7. Chukua siku 6 kurahisisha. Kaka alianza na 1600. Siku ya 6 tegemea 800, siku ya 12 tegemea 400, ya 18 ni 200, ya 24 ni 100, ya 30 ni 50, ya 36 ni 25, ya 42 ni 12 na kitu, na karibu na siku ya 48 unafika kwenye 6. Yani wiki saba kamili, hata kama daktari amekata uvimbe wote na hajaacha hata seli moja! Aliyeanza na 25,000 anahitaji kama wiki tatu na nusu zaidi ya hapo.

Sisi hatukujua. Siku ya tano baada ya oparesheni binamu yetu mmoja aliyekuwa Dar akasisitiza kwenye simu lazima apimwe "tuone kama imefanikiwa", tukalipa, ikaja 910. Kaka akageukia ukutani hakula siku ile. Dokta alipopita asubuhi akacheka kidogo, akachukua kalamu akanichorea hiyo hesabu nyuma ya risiti ya famasi, akasema siku ya tano ilitakiwa iwe karibu na 900, kwaiyo 910 ni jibu zuri sana, na nani amewaambia mpime leo? Siku ya 30 kabla hatujapanda ndege ikaja 71. Hesabu inasema 50, yeye 71, dokta akasema poa, miili haiko sawa na ini linalojijenga upya nalo linatoa AFP kidogo. Hilo la ini kujijenga mlijue, sehemu iliyobaki inakua kwa kasi wiki na miezi ya mwanzo, na seli changa zinazozaliwa zinaweza kuchelewesha kushuka au hata kuinyanyua namba kidogo. Ndio maana jibu la kwanza lenye maana linachukuliwa baada ya mwezi hivi kwenda mbele, sio wodini.

Kwaiyo chukua daftari, lile la counter book la bei rahisi linatosha, na kila jibu uandike tarehe, siku ya ngapi tangu oparesheni, AFP na kipimio chake (ng/mL au IU/mL), maabara gani, ALT ya siku hiyo (kipimo cha damu kinachopanda ini likiumia), na dawa anazotumia. Usitegemee picha za WhatsApp, simu ikiibiwa na historia imeenda. Alafu ukiwa na namba nne tano chora grafu hata ya kwa mkono, jicho linaona haraka kuliko akili.

Sasa nini cha kuona kwenye grafu. Ikishuka kwa mwendo ule wa nusu nusu mpaka kwenye kawaida na ikakaa pale, hiyo ndio tunayoiomba. Ikishuka nusu njia alafu ikagoma, tuseme ilitoka 1600 ikafika 180 na miezi miwili inachezea 170, 190, 185, hapo kuna uwezekano uvimbe ulibaki mahali au kuna mwingine mdogo haukuonekana, huyo anahitaji skani ya ini na ya kifua, asiambiwe "tusubiri miezi sita". Isiposhuka kabisa, maana yake ni hiyo hiyo ila nzito zaidi. Na ile ya nne, imeshuka mpaka kawaida, imekaa mwaka, alafu inaanza kupanda ngazi kwa ngazi, hii ndio ya kuirudia kuipima na kuitafuta kwa skani hata kama namba bado ni ndogo. Mtu aliyekuwa na 4, 4, 5 akaja na 9 alafu 19 ana habari kubwa kuliko mtu aliyekaa kwenye 15, 16, 15 miaka mitatu, ingawa wa pili ndie ambae karatasi yake ina alama ya H, yani "high", imezidi kawaida, kila siku. Naomba msiiogope H kuliko mnavyoogopa mstari unaopanda.

Kabla hujasema imepanda, hakikisha kweli imepanda. Turudi kwa shemeji na picha yake ya usiku. Maabara tuliyoanza nayo tuliporudi ilikuwa inatoa majibu kwa IU/mL, mwezi wa tatu tangu oparesheni ikasoma 7.2, wa sita 7.4, mwisho wao wa kawaida ni 10, tumetulia. Mwezi wa tisa mashine yao ikawa mbovu, shemeji akampeleka kaka maabara nyingine, ikaja 9.0 na alama ya H nyekundu, maana hao mwisho wao ni 7. Nyumba nzima haikulala, mama akaanza kupiga simu kwa watu wa maombi. Asubuhi nikatulia nikaisoma karatasi vizuri nikaona hawa wanaandika ng/mL. Basi IU moja ni sawa na ng 1.21, chukua 7.4 zidisha kwa 1.21 unapata 8.95. Ni ile ile! Haikupanda hata kidogo. Usiku mzima wa machozi kwa ajili ya herufi mbili. Kwa taarifa, ng/mL na µg/L ni kitu kimoja, hizo usizidishe chochote.

Kwaiyo baki na maabara moja kama unaweza, na hata mkiwa na kipimio kimoja mashine za kampuni tofauti zinapishana, sasa mkilazimika kuhama, pima maabara zote mbili kwa wakati mmoja mara moja muone zinapishana kiasi gani. Najua ni gharama, ila ni mara moja tu.

Alafu soma ALT kabla ya kuisoma AFP, au angalau zisome pamoja. Ini likiwa limechafuka, AFP inaweza kupanda bila saratani yoyote, na sababu kubwa huku kwetu ni homa ya ini B. Kliniki tulikuwa na mama mmoja, oparesheni yake imepita mwaka na nusu, AFP ikaruka kutoka 6 mpaka 60, wanae wakaanza kuulizia kemo. Dokta akaangalia ALT, iko 310. Akamuuliza mama, dawa unakunywa? Mama akasema alishapona, tenofovir, dawa yake ya homa ya ini B, aliacha miezi mitatu iliyopita na sasa anatumia majani ya kuchemsha. Virusi vikarudi juu, ini likawaka. Wakampiga skani wakakuta safi, akarudishwa kwenye dawa, ALT ikashuka na AFP ikaifuata nyuma yake mpaka kawaida. Angalia hapo, zilipanda pamoja na zikashuka pamoja. Ukiona AFP inapanda na ALT imetulia tuli, hapo ndio pa kukimbia. Ila hata zikipanda zote msijipe jibu wenyewe, skani ifanyike, kwa sababu mtu anaweza kuwa na vyote viwili.

Na nisisitize kabisa, aliyekatwa uvimbe na ana homa ya ini B, dawa za virusi kama tenofovir au entecavir hazikatishwi kwa uamuzi wa familia. Kuzitumia kunapunguza hatari ya saratani kurudi, na kuziacha ghafla kunaweza kuliangusha ini lenyewe, unakufa kwa ini na sio kwa saratani. Mume au mke na watoto wapimwe pia, na wasio nayo wachanjwe. Majani na mizizi ya unga unga nayo iandikwe kwenye daftari na dokta aambiwe, hata kama ni aibu, maana nyingine zinapandisha ALT na zinavuruga usomaji wote.

Vingine vya kuangalia harakaharaka. Mimba inapandisha AFP, na huku saratani hii inakamata hata wadada wa miaka 30, kwaiyo kwa mwanamke aliye kwenye umri wa kuzaa swali la mimba liulizwe. Kwa mwanaume uvimbe wa korodani nao unaweza kuitoa. Vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini (aina ya vitamini) dozi kubwa vinadanganya baadhi ya mashine, na kwa AFP uongo wake ni wa kushusha, yani unaonekana mzima kumbe sio, mwambie dokta na maabara kabla hujatoa damu. Kula asubuhi hakuna shida, AFP haihitaji kufunga, hata kaka alishinda njaa mara mbili bure.

Wengine mtakutana na kipimo kingine cha damu, PIVKA-II, kwenye karatasi, wengine wanaiita DCP, mara nyingi kwa waliotibiwa India au nje. Hiyo inatoka kwenye mambo ya kuganda kwa damu, inashuka haraka zaidi ya AFP, nusu yake ni siku 2 mpaka 3 hivi, na faida yake ni kwamba kuna uvimbe hautoi AFP lakini unatoa hii, ndio maana wanazipima pamoja. Ubaya ni kuwa mgonjwa anayetumia wofarini (dawa ya kuzuia damu kuganda), au aliyepungukiwa vitamini K kwa ugonjwa wa manjano wa muda mrefu, itapanda juu kabisa bila saratani. Na kama uvimbe ulikuwa wa mirija ya nyongo na sio wa seli za ini, kipimo chenu kikuu ni CA 19-9, ambayo nayo inapanda mirija ikiziba au ikipata maambukizi, kwa hiyo bilirubini (kipimo cha manjano) ndio inachukua nafasi ya ALT kwenye daftari lako. Uvimbe uliotoka kwenye utumbo mpana ukaja kwenye ini unafuatiliwa na kipimo kingine cha damu, CEA. Ulizeni ripoti ya patholojia (ya uvimbe uliokatwa ukapimwa) inasema saratani gani hasa, maana nimeona mtu anahangaika na AFP ya mgonjwa ambae saratani yake ilitoka utumbo mpana, AFP pale haina kazi. Kwa watoto wadogo msitumie namba hizi kabisa, mtoto mchanga anazaliwa na AFP ya maelfu na inashuka taratibu, wao wana jedwali lao kwa umri.

Ratiba je? Miongozo ya NCCN, mtandao wa vituo vya saratani vya Marekani, ambayo madokta wengi wanaifuata, inasema skani na AFP kila miezi 3 mpaka 6 kwa miaka miwili ya kwanza, baada ya hapo kila miezi 6. Sisi tulienda na miezi 3. Kwanini kubanana hivyo mwanzoni? Kwa sababu saratani hii ina tabia ya kurudi, baada ya kukatwa inaweza kurudi kwa mpaka watu 7 kati ya 10 ndani ya miaka 5. Ile inayorudi ndani ya miaka miwili mara nyingi ni seli zilizokwisha tawanyika kabla ya oparesheni, ya baadae mara nyingi ni uvimbe mpya kabisa kwenye ini lile lile lililoharibiwa na virusi, pombe au sumukuvu ya mahindi na karanga. Namba hiyo inatisha najua, nilipoisikia nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Lakini uvimbe uliorudi ukakamatwa ukiwa mdogo una tiba, unakatwa tena, au unachomwa kwa sindano ya joto mpaka uungue, au unazibwa mshipa wake wa damu, ukikamatwa mkubwa ndio milango inaanza kufungwa.

Na kama AFP inapanda na skani inasema safi? Msishangilie na msilie. Uvimbe wa milimita chache hauonekani, damu inaweza kutangulia picha kwa miezi. Ulizeni kama CT ilikuwa ya dawa ya mshipani yenye awamu zote, maana CT ya kawaida bila dawa kwa ini ni kama kutafuta mbuzi mweusi usiku, ulizeni MRI, ulizeni kifua na mifupa, na AFP irudiwe baada ya wiki 4 hivi. Kaa na dokta mpange tarehe kabla hamjatoka chumbani, maana "mtarudi" bila tarehe sisi tunaijua inavyoishia.

Yetu ilikuwa hivi. Mwezi wa 12 ikasoma 8.8, wa 15 ikasoma 9.3, wa 18 ikaja 17. Maabara ile ile, kipimio kile kile, ALT 28, dawa anakunywa kila siku, shemeji anamhesabia. Hatukusubiri miezi mitatu, tukarudia baada ya wiki nne, 26. Shemeji safari hii hakuniuliza tufanyeje, alinitumia picha mbili, majibu na karatasi ya appointment ya CT ambayo ameshaichukua mwenyewe. Wakaona kauvimbe ka sentimita 1.9 upande wa kulia, mbali na alipokatwa. Wakakachoma kwa sindano, alilala siku mbili akarudi nyumbani analalamika kuhusu chakula cha wodini.

Nikafungua ukurasa mpya kwenye daftari, siku ya kwanza, 26. Kwa mwendo wa nusu nusu nikaandika kwa penseli pembeni, siku ya 12 itakuwa karibu na 7 ila yeye kawaida yake inakaa kwenye 9, kwaiyo pale ndipo itakapogota. Baada ya wiki sita ikaja 9.1. Nimeiandika kwa kalamu, na inayofuata ni tarehe 14.